Menyu Haitakuambia Hii Stori

Ijumaa iliyopita tulikuwa na sababu ya kusherehekea. Rafiki yetu mmoja alikuwa amepata kazi baada ya miaka miwili ya kuzunguka na bahasha ya kaki, na akasema bili ni yake, sisi tuchague tu mahali. Tukachagua mkahawa mmoja wa Kikaribea hapa Nairobi. Unaijua hiyo mikahawa: mnazi wa plastiki mlangoni, kasuku wa plastiki juu ya mnazi, bendera ya Jamaika ukutani, Bob Marley anacheka kila kona, na rege ya taratibu inayokufanya utikise kichwa kabla hata hujakaa.

Tuliagiza kuku wa jerk, mbuzi wa kari, wali na maharagwe, na ndizi za kukaanga. Chakula kilipofika, simu ndizo zilikula kwanza. Mimi pia nilipiga picha, nikaiweka mtandaoni na maneno mawili ya kijinga kuhusu kisiwa na raha. Sijivunii.

Halafu huyo msee wa kazi mpya akaegemea kiti, akashusha pumzi, akasema, "Mnajua kitu kizuri cha hapa? Hakuna mtu atakuja kutufukuza."

Tukacheka. Lakini kicheko kiliisha haraka, juu sote tulijua anamaanisha nini. Miaka yote tukiwa chuo, maskani yetu ilikuwa kibanda cha Mathe mmoja karibu na steji. Chapo madondo, chai ya tangawizi, na daftari la madeni ambalo Mathe alikuwa akilifungua kwa huruma kuliko benki yoyote. Hapo ndipo tulichanga pesa mwenzetu alipolazwa. Hapo ndipo tulibishana siasa hadi taa ya stima ikawashwa. Halafu asubuhi moja tukapata mabati yamelala chini, benchi limevunjika na sufuria zimepinduliwa kwa matope. Sababu tuliyoambiwa ilikuwa fupi: hana leseni.

Naandika hii kwa sababu ya hilo neno, leseni. Ukifuata historia ya mikahawa ya Kikaribea, nyuma kabisa ya mnazi wa plastiki, unakuta watu weusi wanaotafuta meza ambayo hakuna mtu atawafukuza. Na baadhi ya hizo meza zilisaidia kuzaa uhuru wa Kenya. Najua inasikika kama nimeongeza chumvi. Nipe dakika kumi.

Anza na sahani yenyewe

Wali na maharagwe wa Jamaika hupikwa kwa tui la nazi. Mtu wa Mombasa akionja atakuangalia tu: si huu ni wali wa nazi na maharagwe? Ndio. Na ikifika Krismasi, Wajamaika wengi huondoa maharagwe na kuweka mbaazi. Mbaazi, bana! Zile zile tunazokula na mahamri asubuhi.

Mbuzi wa kari naye ana stori yake. Utumwa kwenye makoloni ya Waingereza huko Karibea uliisha kabisa tarehe 1 Agosti 1838. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetenga pauni milioni 20 kama fidia, na usidhani ni fidia ya waliofanywa watumwa. Zilikwenda kwa waliowamiliki. Waliofanyishwa kazi bure hawakupata hata senti. Baadaye wenye mashamba ya miwa wakatafuta mikono mingine ya bei rahisi, na Mei 1845 meli ya kwanza ya vibarua wa Kihindi ikafika Jamaika. Wakaja na mapishi yao, na kari ikakutana na mbuzi wa kisiwani.

Hiyo mbinu tunaijua. Kuanzia 1896 Waingereza hao hao walileta zaidi ya Wahindi 30,000 kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ndani. Leo chapati ni chakula cha Krismasi ushago na hakuna mtu anakumbuka kuuliza ilitoka wapi. Himaya ilikuwa moja, hesabu ya vibarua ilikuwa moja, na jikoni mbili tofauti zikabadilika milele.

Lakini kuku wa jerk ndiye mwenye maneno. Jerk inatokana na Wamaroon, watu waliotoroka utumwa wakapanda milima ya Jamaika na kukataa kushuka. Huko walichanganya ujuzi waliotoka nao Afrika na ule wa Wataino, wenyeji wa asili wa kisiwa. Walichukua nyama ya nguruwe mwitu, wakaipaka pilipili kali, jamaa ya pilipili mbuzi yetu, pamoja na pimento, tembe ndogo zinazonukia kama karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Kisha wakaipika polepole kwa moto mdogo wa kuni za mti huo huo. Masimulizi ya Jamaika yanasema walipikia shimoni ili moshi usiwaonyeshe askari walipo. Waingereza walipigana nao miaka mingi, na 1739 wakakubali yaishe, wakaketi nao kutia saini mikataba.

Kwa hivyo jerk ni chakula cha watu waliofukuzwa wakakataa kufukuzika. Hiyo haiko kwenye menyu.

Sasa, kilitokaje milimani hadi kikawa mkahawa mjini? Njia yake moja inapita London, na huko ndiko Mkenya anaingia kwenye stori.

Mama wa Port Antonio

Kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Amy Ashwood Garvey. Alizaliwa 1897 Port Antonio, kwenye wilaya ya Portland, upande ule ule wa Jamaika unaosifika kwa jerk mpaka leo. Jina la Garvey unalijua kwa sababu ya Marcus. Amy alikuwa mke wake wa kwanza, lakini kabla hata ya ndoa alikuwa naye 1914 wakianzisha UNIA, chama kilichokuja kuwa na wafuasi weusi dunia nzima. Ndoa ilivunjika mapema. Amy akaendelea na safari yake.

Miaka ya 1930 alikuwa London. Elewa London ya wakati huo: ukiwa mweusi, mwenye nyumba anaweza kukuambia chumba kimechukuliwa na tangazo bado liko dirishani. Hoteli inaweza kukukatalia chai. Na hakukuwa na sheria ya kushikilia. Sheria ya kwanza ya Uingereza iliyokataza kubagua watu kwenye mikahawa na sehemu nyingine za umma ilikuja 1965. Soma tena huo mwaka. Kenya ilikuwa huru tayari.

Amy hakungoja sheria. Alifungua mkahawa New Oxford Street. Mwaka 1935, hata kabla Italia ya Mussolini haijavamia Ethiopia Oktoba, watu weusi waliokuwa London wakaungana kuitetea. Waliunda kundi, na mkahawa wa Amy ukawa mahali pa kukutania. Mwenyekiti alikuwa C.L.R. James, mwandishi kutoka Trinidad. Mweka hazina alikuwa Amy mwenyewe. Na katibu alikuwa Mkikuyu mmoja aliyekuwa mbali na nyumbani, akisoma na kuhangaika na kodi ya nyumba, jina lake Jomo Kenyatta.

Mwaka uliofuata, 1936, Amy na mwanamuziki wa Trinidad, Sam Manning, wakafungua mahali pengine Carnaby Street, wakapaita Florence Mills Social Parlour. Chakula cha Kikaribea, muziki, dansi, na meza zilizojaa wanafunzi, waandishi na wapiganiaji uhuru. Ukipita nje ungedhani ni klabu tu ya watu wa visiwani wanaojifurahisha. Ndani watu walikuwa wanapanga jinsi ya kuvunja himaya.

Nataka ushike hilo. Raha na mapambano vilikaa meza moja. Hakuna aliyewaambia wachague.

Mwenye mikahawa aliyekuja kufia Nairobi

Huyu anayefuata ndiye aliyenifanya nione aibu kwa ile picha yangu. Nilikutana naye kwenye kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa hapa hapa Nairobi 1973. Jina lake Ras Makonnen. Jina la kuzaliwa lilikuwa George Thomas Nathaniel Griffith, na alitoka British Guiana, nchi inayoitwa Guyana leo. Italia ilipovamia Ethiopia, yeye alitupa jina la Griffith na kuchukua la Kiethiopia.

Alienda kuishi Manchester, na huko akagundua alikuwa na kipaji cha biashara. Alifungua mkahawa, akafungua mwingine, na mwingine, kwenye barabara ya Oxford Road na maeneo ya karibu. Mmoja ulijulikana kama Ethiopian Teashop, mwingine Cosmopolitan. Vita vya Pili vilipokuja, askari weusi wa Marekani wakawekwa kwenye kambi za Uingereza, nao walitaka mahali pa kula bila kuangaliwa vibaya. Kwa Makonnen walikaribishwa. Pesa ikaingia.

Hapa ndipo wengi wetu tungenunua gari. Makonnen alitumia faida ya mikahawa kusaidia watu weusi waliokuwa na kesi mahakamani, kuchapisha jarida, na kulipia kitu kikubwa zaidi: Kongamano la Tano la Afrika Nzima, lililofanyika Manchester tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945.

Kama ulilala kwenye somo la historia, hili ndilo kongamano ambalo halikufaa kulala. Kwame Nkrumah alikuwepo. George Padmore wa Trinidad alikuwa mmoja wa waandaaji wakuu. W.E.B. Du Bois alitoka Marekani, mzee wa miaka 77. Amy Ashwood Garvey aliongoza kikao cha ufunguzi. Na Kenyatta alikuwepo, akisema kuhusu Afrika Mashariki na ardhi iliyochukuliwa. Makongamano ya awali yalikuwa yanaomba wakoloni wapunguze ukali. Hili lilidai uhuru. Wajumbe walipopata njaa, walikwenda kula kwa Makonnen.

Miaka 12 baadaye Ghana ilikuwa huru. Miaka 18 baadaye, Kenya.

Sasa sikiza mwisho wake. Makonnen alihamia Ghana kumsaidia Nkrumah. Nkrumah alipopinduliwa Februari 1966, Makonnen akatupwa jela. Kenyatta, ambaye sasa alikuwa rais, akamwombea mtu wake wa zamani, na Makonnen akaachiliwa akaja Kenya. Akawa raia, akafanya kazi katika wizara ya utalii, na akafa hapa Nairobi 1983.

Yaani msee kutoka Karibea, ambaye sahani alizouza zilisaidia kulipia kongamano lililodai uhuru wetu, alizeeka kwenye mji huu, akapita kwenye barabara hizi hizi tunazopita tukikimbilia matatu. Na mimi niko kwenye mkahawa wa Kikaribea, kwenye mji huo huo, napiga picha kasuku wa plastiki.

Mangrove: mlango uliopigwa mara 12

Ukidhani hiyo meza ilipata amani baada ya uhuru, ngoja kwanza.

Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilihitaji wafanyakazi. Juni 1948 meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya watu wa Karibea, na wengine wengi wakafuata. Waliendesha mabasi, wakahudumia hospitali, na wakaishi kwenye mitaa ambayo wengine hawakuitaka. Mmoja wa mitaa hiyo ilikuwa Notting Hill. Leo nyumba za huko zina bei ya kukufanya ucheke. Wakati huo vyumba vilikuwa vibovu na wenye nyumba walikuwa wakatili. Mwaka 1958 makundi ya vijana wazungu yaliwashambulia watu weusi mitaani huko siku kadhaa mfululizo.

Frank Crichlow alitoka Trinidad na kufika Uingereza 1953. Machi 1968 alifungua mkahawa Notting Hill, nambari 8 All Saints Road, akauita Mangrove. Mangrove ni mikoko, kama ile ya Lamu na Gazi. Chakula kilikuwa cha nyumbani, cha Trinidad, na mlango ulikuwa wazi hadi usiku sana. Bob Marley alikula hapo. C.L.R. James, yule yule wa mkahawa wa Amy, sasa mzee, alikuwa mteja. Lakini zaidi walikuwa watu wa mtaa: kijana aliyefukuzwa nyumba, mama anayetafuta wakili, mtu aliyeshuka tu kutoka melini na hana pa kuanzia.

Polisi wakaanza kuingia. Kati ya Januari 1969 na Julai 1970 walivamia Mangrove mara 12. Walisema wanatafuta dawa za kulevya. Mara 12, na hawakupata kitu. Wateja walikuwa wanasimamishwa katikati ya chakula. Kisha likaja lile neno langu: leseni. Baraza la mtaa lilimnyang'anya Crichlow leseni ya kuhudumia usiku, na ikawa kumpa mtu chakula baada ya saa tano usiku ni kosa. Fikiria hilo kidogo. Kosa ni sahani na saa.

Tarehe 9 Agosti 1970 watu takriban 150 waliandamana wakisema wauacheni Mangrove. Polisi walikuja kwa mamia. Vurugu zikatokea, watu wakakamatwa, na mwishowe tisa wakashtakiwa kwa makosa yaliyojumuisha kuanzisha ghasia. Wakaitwa Mangrove Nine. Hakimu wa mwanzo alitupilia mbali shtaka la ghasia. Serikali ikalirudisha.

Kesi ilianza Oktoba 1971 kwenye mahakama ya Old Bailey, mahali pa kesi nzito kabisa za Uingereza, na ilichukua siku 55. Wawili kati ya tisa waliamua kujitetea wenyewe bila wakili. Mmoja ni Darcus Howe, kijana wa Trinidad, jamaa wa C.L.R. James. Mwingine ni Altheia Jones-LeCointe, mwanasayansi aliyekuwa akisomea shahada ya juu ya baiokemia na kiongozi wa vuguvugu la Black Panther la Uingereza. Walianza kwa kudai juri ya watu weusi, yaani wale raia 12 wanaoamua kama mtu ana hatia, na wakatumia Magna Carta, hati ya zamani ya Waingereza wenyewe, kudai haki ya kuhukumiwa na wenzao. Jaji alikataa. Basi wakatumia haki yao ya kukataa wanajuri mmoja baada ya mwingine, wakawakataa 63, hadi wakapata weusi wawili kati ya 12.

Halafu wakawahoji polisi wenyewe. Hatua kwa hatua, swali kwa swali, hadi maelezo ya polisi yakaanza kugongana.

Desemba 1971 uamuzi ukatoka. Wote tisa hawakuwa na hatia ya ghasia. Watano waliachiliwa kwa kila kitu. Wanne walipata hukumu ndogo za kuahirishwa kwa makosa madogo. Na jaji mwenyewe alisema kesi ilionyesha kuwepo kwa chuki ya rangi pande zote mbili. Polisi hawakupenda kabisa hiyo kauli. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jaji wa Uingereza kukubali hadharani kwamba kuna ubaguzi ndani ya polisi wa London.

Usidhani waliachwa. Mwaka 1988 polisi walivamia tena, wakasema wamepata heroini. Crichlow, mtu aliyejulikana kwa kuchukia dawa za kulevya, alishtakiwa na akashinda. 1992 polisi walimlipa pauni 50,000. Mwaka huo huo Mangrove ikafungwa. Alishinda kila kesi kubwa, lakini mkahawa ulikuwa umechoka.

Kabla tuwacheke Waingereza

Ningeweza kuishia hapo, tukapiga makofi, tukalaani wabeberu. Lakini hiyo itakuwa rahisi sana.

Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na kuigiza mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulifunguliwa Oktoba. Watu walijaa. Katikati ya Novemba mchezo ukasimamishwa. Unajua kwa njia gani? Leseni ilifutwa. Desemba ikiisha, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Miaka michache baadaye, 1982, jukwaa lenyewe likabomolewa.

Rais mwaka 1977 alikuwa nani? Jomo Kenyatta. Katibu wa lile kundi la mkahawani kwa Amy. Mjumbe wa Manchester. Mtu aliyejua kabisa, kwa tumbo lake mwenyewe, maana ya kuwa na mahali pa kukaa na kuongea wakati mji mzima hautaki kukuona.

Sisemi hivi ili kumtukana marehemu. Alimwokoa Makonnen, na hilo ni deni lililolipwa vizuri. Nasema kwa sababu inaniogopesha. Kama mtu aliyelishwa na hizo meza anaweza kuongoza serikali inayofunga meza ya wengine, basi hakuna mtu aliye salama kusahau. Wewe na mimi pia tukipata ofisi, tunaweza kuanza kuona kila kundi la vijana wanaokunywa chai kama tatizo la usalama.

Najua utaniambia, "Lakini leseni ni muhimu." Kweli. Kipindupindu hakijali siasa. Sitaki kibanda juu ya mtaro wa maji taka, na sitaki jiko la makaa karibu na nguzo ya stima. Mathe angekuwa wa kwanza kukubaliana nami, juu alikuwa anachemsha maji hadi tunamlalamikia chai inachelewa. Lakini kuna swali moja la kuuliza kila mara leseni inapotajwa: wanakagua sufuria, au wanakagua watu waliokaa kwenye benchi? Kama ni sufuria, muonyeshe mwenye sufuria la kufanya na umpe muda. Mangrove walikuja mara 12 na hakuna siku shida ilikuwa chakula. Kwa Mathe hakuna mtu aliyewahi kufunua sufuria kabla ya kuipindua.

Kurudi mezani

Kwa hivyo nifanye nini, niache kwenda kwenye mikahawa ya mnazi wa plastiki? Hapana. Kuku alikuwa mtamu na nitarudi. Watu wa Karibea hawakupika ili tule kwa huzuni. Amy aliweka muziki. Crichlow aliacha mlango wazi usiku kwa sababu watu walitaka kucheka pia.

Ninachokataa ni ile raha iliyooshwa majina. Ukutani kulikuwa na Bob Marley, jambo zuri, lakini hakukuwa na Makonnen, na huyo alikufa Nairobi. Kama una mkahawa wa aina hiyo na unasoma hapa, fremu moja haitakufilisi.

Ile picha yangu niliirudia Jumapili. Nilifuta maneno ya kisiwa na raha, nikaandika jina la Makonnen na mwaka 1945. Ilipata watu wachache kupenda kuliko ya kwanza. Ni sawa.

Na Mathe? Siku hizi anapika chapati nyumbani kwake, na mtoto wake anazisambaza kwa wateja wa zamani. Amepata kachumba kwenye jengo fulani, kenye maji na mlango wa kufunga, na akishalipa kodi na ada za mwanzo anaweza kuomba leseni na kuning'iniza karatasi ukutani kama kila mtu. Pesa ndizo hazitoshi. Tulipokuwa tunasubiri bili pale mkahawani, mtu mmoja alipiga hesabu ya kile tumekula, watu sita, na kukawa na kimya. Ilikuwa karibu kodi ya mwezi mmoja ya hako kachumba.

Tumeanza kuchanga. Huyo wa kazi mpya ndiye ameshika daftari, lile lile la madeni, Mathe alituachia. Ukurasa wa kwanza bado una jina langu na chapo nne ambazo sijawahi kulipa.

Wewe maskani yenu ilikuwa wapi, na ni nani alikuwa anawapikia? Niandikie jina lake hapo chini. Tuanze na hapo.